Kangaga la mwembe lililopandwa kwenye ndoo: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi katika mji mmoja wa pwani, mkoani Tanga. Jina, mtaa na alama za kumtambulisha nimeziondoa, naye ameridhia habari hizi zitolewe. Mtaani kila mtu humwita Mwalimu, nami hapa nitamwita hivyo hivyo. Mimi nina kitalu kidogo cha miche na huitwa majumbani mimea inapougua.

Nimeandika kwa sababu makosa yaliyokaribia kuliua kangaga lake nimeyakuta katika nyumba nyingi, na karibu yote hufanywa na watu wanaojua kulima. Mwalimu anajua kulima. Uani kwake kuna bamia, mchicha, mipapai na mpilipili usiokauka mwaka mzima. Kangaga aliliweka katika utaratibu ule ule wa bustani: udongo mzuri, samadi, maji asubuhi na jioni, na usafi. Kila kimoja kati ya hivyo kilifanywa kwa upendo, na kila kimoja kililidhuru.

## Mmea wenyewe

Kangaga ninalolizungumzia si lile refu la mikokoni, wala yale madogo yanayoota kwenye kingo za visima. Hili hukaa juu ya miti. Wataalamu huliita Platycerium alcicorne. Kitaluni tunaliita kangaga pembe, kwa kuwa majani yake hugawanyika nchani kama pembe za mnyama. Ni mwenyeji wa misitu ya nyanda za chini katika pwani ya Afrika Mashariki, na hupatikana pia Msumbiji, Komoro na Madagaska. Hujishikiza kwenye gome bila kuunyonya mti. Riziki yake hutoka kwenye maji ya mvua, vumbi na majani yanayooza taratibu.

Lina majani ya aina mbili, na asiyelijua hilo hawezi kulitunza. Aina ya kwanza ni ngao: jani la mviringo linaloukumbatia mti, likakaa kijani kwa muda, kisha likageuka kahawia na kubaki pale pale. Ngao mpya huota juu ya kuukuu, mpaka zikawa tabaka nyingi kama kurasa za kitabu kilicholowa maji. Ndani ya tabaka hizo ndimo ilimo mizizi, na ndimo maji yanamohifadhiwa wiki ambazo mvua haipo. Aina ya pili ni pembe: majani marefu ya kijani yaliyofunikwa na vinyweleo vyeupe, vidogo mno, vinavyolisaidia jani lisipoteze maji kwa upepo na jua. Nchani mwa pembe zilizokomaa hutokea mabaka ya kahawia, laini kama mahameli. Hayo ni mabaka ya spora, yaani vumbi la uzazi, kwani kangaga halina ua wala mbegu.

Katikati, pale ngao na pembe zinapochipukia, pana jicho; jicho moja pamoja na majani yake ndilo tunaloliita kichwa. Jicho likioza, kichwa hicho kimekwisha hata kama majani yake bado ni mabichi kwa wiki mbili tatu.

Niongeze jambo moja kwa wanaonunua. Katika vitalu vya mijini mara nyingi utauziwa ndugu yake wa Australia, Platycerium bifurcatum, na majina ya hawa wawili yamechanganywa kwa miaka mingi. La kwetu ngao zake ni duara na hulala chapa juu ya gome mpaka ukingoni. La Australia ngao zake huchanika ukingo wa juu na kusimama mbali na mti, na pembe zake huning'inia zaidi. Matunzo yanafanana, lakini anayetaka mmea wa kwao ajue anachokishika mkononi.

Na hili huniuma. Mkoa huu huu ndio uliotoa Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na leo limo madirishani mwa watu Ulaya na Marekani kote. Kangaga letu la mwembe bado tunalichoma pamoja na matawi.

## Lilikotoka

Mwembe wenyewe ulikuwa kwenye kiwanja cha jamaa zake Mwalimu, nje kidogo ya mji. Januari, kaskazi ikivuma na jua kali, waliukata ili wajenge. Juu ya tawi moja kulikuwa na kangaga kubwa lenye vichwa zaidi ya kumi, limekuwapo tangu Mwalimu akiwa binti. Vijana wa kukata kuni walikwisha kulirundika pamoja na matawi ya kuchomwa. Mwalimu aliomba nusu yake, akapewa, wakalichonga kwa panga kutoka kwenye gome, likatiwa kwenye kiroba na kuja nyumbani kwa bajaji.

Ninalitaja hili la kuomba kwa makusudi. Kangaga hili lilitoka kwenye mti wa mtu, uliokuwa umeshaanguka, kwa ruhusa ya mwenyewe. Baadaye, lilipokuwa mahututi, Mwalimu aliniuliza kama tusingeweza kupanda Amani tukachukue jingine. Nilimkatalia. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na msitu unaoizunguka ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 huvuni kitu katika msitu wa hifadhi bila kibali. Hata pasingekuwa na sheria, kangaga lililong'olewa kwenye mti wa msituni huacha pengo ambalo huchukua miaka kuzibika, maana kutoka spora hadi mmea wa kutambulika ni safari ndefu sana. Miti ya maembe na mikwaju huangushwa majumbani kila mwaka. Hiyo inatutosha.

## Wiki tano kwenye ndoo

Mwalimu alichukua ndoo kubwa ya rangi, akaitoboa matundu chini, akaijaza udongo mweusi uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Kipande chake kilikuwa na vichwa vitano. Mizizi hakuiona, kwa sababu imefichwa na ngao, basi akakifukia mpaka macho yakawa sawa na uso wa udongo. Ndoo aliiweka sebuleni, pembeni mwa kabati, ili wageni walione.

Akawa anamwagilia asubuhi na jioni. Maji ni ya kisima cha mtaa, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika.

Wiki ya pili aliamua kulisafisha. Yale majani ya kahawia yalimkera. Alianza kuyaambua moja moja, na ndani yake wakatoka sisimizi, nyungunyungu, na uoza mweusi wa miaka. Aliona amegundua chanzo cha maradhi. Aliambua ngao zote za vichwa viwili vya mbele, akaambua nusu ya kichwa cha tatu, kisha mkono ukagota ukutani mwa ndoo. Vichwa viwili vya nyuma akaviacha. Akapuliza dawa ya wadudu. Halafu akachukua kitambaa chenye maji akapangusa ule weupe juu ya pembe, akidhani ni ukungu, mpaka majani ya mbele yakang'aa kijani kibichi.

Wiki ya tatu pembe zilianza kulegea. Alinitumia picha kwa WhatsApp: majani tu, yamejaa fremu yote. Aliuliza kama ni kiu. Nilimjibu apunguze maji na alisogeze karibu na dirisha. Sikuuliza limepandwa kwenye nini. Nitalirudia hili huko mbele.

Alipunguza kwa siku tatu. Majani yalizidi kulala, moyo ukamsumbua, akarudisha maji asubuhi na jioni, safari hii na kikombe kimoja cha nyongeza.

## Nilichokuta

Nilifika mwisho wa wiki ya tano, mwishoni mwa Februari, wakati joto la mchana pwani hufika nyuzi 32 au 33.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako yumo ndani. Nanywesha na kunywesha, na bado ana kiu."

Nilikaa sakafuni nikaivuta ndoo. Kabla ya kuona chochote nilisikia harufu: ile ya mhogo uliovundikwa siku nyingi. Udongo ulikuwa tope. Niliweka kidole gumba kwenye shina la kichwa cha kwanza, chini ya jicho, nikabonyeza polepole. Kiliingia. Maji ya rangi ya chai yakatoka pembeni ya ukucha. Kichwa cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu, kile cha kuambuliwa nusu, kilikuwa laini upande mmoja na kigumu upande wa pili. Viwili vya nyuma, vilivyoachiwa ngao zake, vilikuwa vigumu kama kiazi kikuu kibichi, na ngao zake za kahawia zilikuwa zimeloa lakini hazikunuka.

Nilimwomba Mwalimu naye abonyeze. Nilitaka mkono wake ujue tofauti, kwa sababu kwa macho haikuonekana: majani ya vichwa vyote vitano yalikuwa yamelegea sawasawa. Kangaga lenye kiu hulegea. Kangaga linalooza nalo hulegea, kwani mizizi iliyokufa haipandishi maji hata ikiwa imezama ndani yake. Mtazamaji wa majani peke yake atamwongezea maji anayezama.

## Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kulitoa udongoni saa ile ile. Mwalimu alipendelea tusubiri masika, wiki tatu hivi mbele, hewa ipoe na unyevu urudi. Kwa miche mingi ningemkubalia. Lakini uozo hausubiri msimu, na vichwa viwili vizima vilikuwa vimegusana na vile viwili vilivyokufa. Tulipasua ndoo ili tusivute.

Wa pili ulikuwa kukata. Kisu kilifutwa kwa spiriti kila baada ya mkato mmoja. Vichwa viwili vya mbele tulivitupa. Cha tatu nilikata sehemu laini mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe. Vyote vitatu tulivilaza usiku mmoja juu ya wavu wa chuma kivulini, bila maji, majeraha yakauke.

Hapo ukaja uamuzi mgumu: viwekwe wapi? Njia ya asili ni kufunga juu ya mti ulio hai, na uani kwa Mwalimu kuna mwembe mchanga wenye gome lililokwisha kukwaruka vya kutosha. Lakini mti wa uani hauhamishiki jua likibadilika, na mmea dhaifu unahitaji kuangaliwa kila siku. Njia ya pili ni ubao wa kutundika barazani, ambao unashushika, unapimika uzito na unachovyeka majini. Nilichagua kutoweka vyote mahali pamoja. Kichwa kimoja kizima kiende kwenye ubao, barazani upande wa kusini ambako jua halipigi moja kwa moja. Kingine kizima kiende mwembeni. Cha tatu, ambacho sikukitegemea, kiwekwe kwenye kikapu chenye vipande vya makumbi ya nazi, kining'inie bafuni kwenye dirisha.

Kuhusu kitu cha kuwekea chini ya mizizi, muuza miche mmoja alikuwa amemshauri Mwalimu anunue kipande cha shina la mti-kangaga, yale makangaga marefu kama minazi yanayoota milimani. Ni kweli mizizi huipenda sana ile nyuzi nyeusi. Ni kweli pia kwamba makangaga ya jenasi ya Cyathea yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na kila kipande kinachouzwa ni mti uliokatwa msituni. Pwani hatuna haja nacho. Tuna usumba, zile nyuzi za makumbi.

Ila usumba una siri yake, na hapa ndipo watu wa bara wanaofuata maelekezo ya kawaida hukwama wakija kwetu. Makumbi yanayotolewa usumba wa kusokota kamba hufukiwa kwanza baharini, kwenye mchanga wa pwani, miezi mingi, mpaka yalainike ndipo yapondwe. Kwa kamba ni sawa. Kwa kangaga ni chumvi tupu. Tulinunua fungu moja, tukaliloweka kwenye beseni la maji ya mvua, tukabadilisha maji kila asubuhi kwa siku tatu. Siku ya kwanza niliyaonja: chumvi. Siku ya tatu hayakuwa na ladha. Ndipo tukatengeneza kigodoro cha unene wa vidole viwili, tukakilaza kangaga juu yake na kulizungushia mshipi wa kuvulia samaki, ukipita juu ya ngao kuukuu na kuliepuka jicho kwa mbali. Mshipi hauozi na hauonekani. Waya wa shaba sikuutaka, kwa sababu shaba ni sumu kwa makangaga.

Ngao za kahawia zilizobaki hazikuguswa. Kwa kichwa cha tatu, ambacho upande mmoja kilikuwa uchi, tulichukua ngao kavu iliyobaki kwenye kiroba kilichokuja nacho, tukaifunga juu ya jeraha kama bandeji.

Mbolea: hakuna, kwa miezi mitatu. Mwalimu hakulipenda hilo. Nilimweleza kwamba mbolea ni chumvi pia, na mizizi iliyokatwa haiwezi kuinywa.

Maji: ya mvua tu, kutoka kwenye pipa la mchirizi. Nayo hayatolewi kwa saa wala kwa siku. Ubao unashushwa na kupimwa kwa mkono. Ukiwa mwepesi kama umekauka kabisa, unazamishwa kwenye beseni dakika kumi, unaachwa uchuruzike, unarudishwa. Ukiwa na uzito wowote wa maji, unarudishwa kama ulivyo.

## Masika, na ubao uliokataliwa

Katikati ya Machi mvua zilianza. Kichwa cha mwembeni hakikuhitaji mtu. Mwezi mmoja baadaye ngao mpya, kijani mbichi na ukingo mweupe wa vinyweleo, ilikuwa imefunika nusu ya kigodoro.

Cha ubaoni kilisimama tu. Hakikufa, hakikuota. Ngao mpya ilianza, ikafika ukubwa wa kisosi, ukingo wake ukakunjamana na kuwa mweusi. Tulipima maji, tukapima mwanga, tukakagua wadudu. Mwisho wa Aprili, baada ya mvua kubwa yenye upepo, nilipita nikakuta ukuta wa baraza chini ya ubao una michirizi ya kahawia inayometa. Nilishusha ubao nikaugeuza. Nyuma ulinuka gereji.

Seremala alikuwa ameupaka oili chafu. Kwa desturi ya kwetu hilo ni wema. Mbao nyingi hupakwa oili ya injini iliyotumika ili mchwa wasile, naye hakuambiwa ubao ni wa nini. Oili ilikuwa imepenya kupitia nyufa mpaka kwenye usumba. Tulikata mshipi, tukatupa kigodoro chote, tukakata mizizi michache iliyogeuka nyeusi, tukaanza upya kwenye kipande cha tawi kavu la mwembe ule ule uliokatwa, kilichobaki kwenye kuni za jamaa zake. Ukuaji uliopotea ni wa masika nzima.

Kichwa cha tatu, mwezi wa Mei, jicho lake lilikufa. Nilimwambia Mwalimu akitupe. Hakukitupa. Wiki tatu baadaye alinipigia simu asubuhi mapema: pembeni, chini ya ile ngao kavu tuliyoifunga, zilikuwa zimechomoza vijani viwili, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kangaga hili huchipua watoto kutoka kwenye mizizi yake, na mizizi ilikuwa hai ingawa jicho limekufa. Nilikuwa nalijua jambo hilo, na bado nilikihukumu kichwa kile mapema.

## Kaskazi ya pili

Vuli ilikuwa haba. Kufika Januari ya mwaka wa pili upepo ulikuwa mkavu na jua limehamia upande wa kusini wa anga, na hapo tukagundua kwamba baraza tuliyoichagua kwa kivuli chake mwezi Februari mwishoni hupata jua la moja kwa moja kwa saa mbili mwezi Desemba na Januari. La barazani tulilisogeza dhiraa tatu, likawa salama. La mwembeni halikuwa na pa kwenda. Jua la alasiri lilipita chini ya matawi na kuunguza pembe nne. Mabaka meupe, makavu kama karatasi. Mwalimu alitundika kanga kuukuu kwenye tawi la jirani yake kuwa pazia, ikakaa hapo wiki saba. Majirani waliuliza. Aliwaeleza kila mmoja.

Wakati huo la barazani lilikuwa linakuwa jepesi kila baada ya siku mbili. Masika lilikuwa linapita wiki nzima, hata siku kumi, bila kuguswa. Tofauti hiyo ndiyo inayomshinda mtu anayemwagilia kwa ratiba.

Machi walitokea vidugamba, wadudu wadogo wa magamba wanaofyonza majani, kwenye mshipa wa chini wa pembe mbili, pamoja na sisimizi wanaowafuata kwa utamu wao. Hatukupuliza dawa wala mafuta, kwa kuwa mafuta hulaza vinyweleo. Mwalimu aliwatoa mmoja mmoja kwa kijiti kilichozungushiwa pamba yenye spiriti, kila Jumamosi, kwa mwezi na nusu.

Na kisha, mwezi wa Juni, mabaka ya kahawia yalitokea nchani mwa pembe za mwembeni. Mwalimu alikuwa ameshashika mkasi. Bahati nzuri alipiga simu kwanza.

## Hali ilivyo baada ya miezi ishirini

La mwembeni limeushika mti; mshipi tulishaukata na halitikisiki. Lina vichwa vitatu sasa, na pembe yake ndefu kuliko zote inazidi kidogo urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Lile la barazani liko nyuma kwa karibu mwaka mzima: kichwa kimoja, ngao tatu nzuri, pembe tano, bado hakuna spora. Watoto wawili wa kikapuni walitenganishwa. Mmoja uko kwa Mwalimu, mwingine alirudishiwa mwenye kiwanja kile, akaufunga kwenye mkwaju uliobaki.

Kwa hesabu, vichwa vitano vilivyokuja vilizaa hasara ya vitatu na faida ya watoto.

## Uchambuzi

Swali nililojiuliza zaidi ni hili: kwa nini vichwa viwili vya nyuma vilipona ndani ya ndoo ile ile, kwa maji yale yale? Jibu la haraka ni ngao. Vya mbele viliambuliwa, vya nyuma havikuambuliwa, na cha kuambuliwa nusu kilipona nusu. Mpangilio huo unavutia mno mtu kuuamini. Nami naamini sehemu kubwa ni kweli: kuambua kulichana mizizi iliyosukwa ndani ya tabaka, kukaacha majeraha mabichi kwenye tope lenye samadi, na kukaondoa kitu pekee kilichokuwa kikiitenganisha nyama ya mmea na udongo. Lakini vya nyuma pia vilikuwa vimeegemea ukuta wa ndoo, juu kidogo ya vingine, na macho yake hayakufukiwa sawasawa. Kwa kisa kimoja siwezi kutenga sababu hizo mbili. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hakuna faida yoyote niliyopata kuiona, hapa au kwingine, ya kuondoa ngao kuukuu. Wale sisimizi na nyungunyungu walikuwa wapangaji, hawakuwa wakila mmea. Dawa iliyopulizwa haikuua adui yeyote.

Kupangusa vinyweleo kulikuwa na madhara madogo kuliko nilivyohofia. Pembe zilizopanguswa zilikauka mapema, basi. Ila vinyweleo haviotei tena kwenye jani lililokomaa, kwa hiyo jani hilo huishi maisha yake yaliyobaki bila kinga.

Kosa langu la kwanza ni lile la WhatsApp. Wiki ya tatu palikuwa bado na nafasi ya kuokoa angalau kichwa kimoja zaidi. Nilipewa picha ya majani, nikajibu kuhusu majani. Siku hizi mtu akinitumia kangaga lililolegea, namwomba vitu vitatu kabla sijasema neno: picha ya chini, pale mmea unapogusa kitu ulichopandwa, ainyanyue chombo aniambie uzito, na anuse. Harufu haipiti kwenye simu, lakini mtu ataieleza.

Kosa la pili, ubao. Nilimwachia seremala kazi bila kumweleza matumizi. Maelezo ya neno moja, kwamba ni ubao wa kuoteshea mmea, yangetosha. Tangu hapo nimeacha kabisa kuagiza mbao, natumia tawi kavu lenye gome lake. Hushika mizizi vizuri zaidi, na mtu hajishawishi kulipaka kitu.

La tatu ni jua. Nilichagua baraza kwa kivuli cha siku niliyoiona. Hapa tulipo, kusini mwa Ikweta, jua la saa sita huwa kaskazini ya anga katikati ya mwaka na kusini Desemba. Ukuta wenye kivuli Julai unaweza kuwa tanuri Januari. Anayetundika mmea wa kudumu aulize wenye nyumba jua linaingia wapi wakati wa kaskazi. Mwalimu angenijibu papo hapo, maana huanika nguo kwenye ukuta ule.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kugawa vichwa vitatu sehemu tatu. Tungeviweka vyote kwenye ule ubao wenye oili, pengine ningekuwa naandika habari nyingine. Kuloweka usumba kulifaa. Siku ile nilipoyaonja maji nilishtuka kwa kiasi cha chumvi, na hapo nikaelewa vifo vya makangaga mawili yangu ya zamani ambavyo sikuwahi kuvielewa. Kupima kwa mkono kulifaa, nako kulimfaa Mwalimu zaidi ya mmea: mtu aliyezoea kutunza hawezi kukaa bila kufanya kitu, na kushusha mmea kila asubuhi kuupima ni kazi, hata kama siku nyingi jibu lake ni kuurudisha.

Mbolea tulianza baada ya ile miezi mitatu kupita, ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati mvua zipo na jani jipya linaota. Wapo wanaotia maganda ya ndizi nyuma ya ngao. Kwa joto letu la pwani sishauri. Huleta nzi na uozo karibu na jicho, na tulishauona uozo unavyofanya.

Limebaki jambo moja lisilokamilika. Agosti tulikwangua spora kutoka kwenye pembe ya mwembeni, tukazinyunyiza juu ya usumba uliomwagiwa maji ya moto ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko mweupe. Wiki ya sita palitokea utando wa kijani, mwembamba kama ukungu wa mkate. Sasa, ukiusogeza machoni, unaona vipande vidogo vyenye umbo la moyo, vimelala chapa, vinangoja maji ya kuzikutanisha chembe za kiume na za kike ndipo jani la kwanza litoke. Mwalimu amekaza mfuniko kwa mpira na kuliandika kopo kwa chaki: LISIFUNULIWE.